Kizuka wa Hamburg: Ujane wa Salme binti Said Ugenini, 1870–1924

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, mwanamke aliyefiwa na mumewe huitwa kizuka kwa muda wote anaokaa eda, yaani kile kipindi cha miezi minne na siku kumi ambacho sheria ya Kiislamu humtaka asiolewe, asijipambe na asitoke nyumbani pasipo dharura, isipokuwa awe mjamzito, kwani hapo eda yake humalizika siku anapojifungua. Desturi hiyo imezoeleka kutazamwa kama kifungo, na kwa kiasi fulani ni kifungo kweli, lakini humpa mjane mambo matatu ambayo si rahisi kuyapata kwingine: mahali pa kukaa, watu wa kumhudumia, na siku inayojulikana ambayo huzuni yake itahesabiwa kuwa imetimia mbele ya jamii. Kizuka hana haja ya kujiuliza yeye ni nani, kwa sababu ndugu, jirani na kadhi wamekwisha kumjibu. Historia ya Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, ni historia ya mwanamke aliyeingia ujane mahali ambapo hapakuwa na hata moja kati ya mambo hayo matatu, akalazimika kulitafuta jibu mwenyewe, kwa miaka zaidi ya 50, katika nchi ambazo hakuzaliwa.

Wasimuliaji wengi wa maisha yake huuweka uzito wote katika mwaka 1866, alipotoroka Unguja kwa sababu ya mapenzi, kana kwamba yote yaliyofuata yalikuwa mkia wa kisa hicho. Lakini utoro ule aliufanya kwa ajili ya mwanamume na kwa msaada wa watu wengine, na ndoa iliyofuata ilimweka tena chini ya kivuli cha nyumba iliyo na mwenyewe. Kujitambua kwake, kwa maana ya kupima yeye ni nani, anamiliki nini na anaweza nini, kulianza mwaka 1870, mume alipokufa. Ndiyo maana ujane wake unastahili kusomwa peke yake, sambamba na historia ya miji miwili iliyoutengeneza, Unguja na Hamburg.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, akiwa mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar ambaye alikihamishia kisiwani kiti cha dola yake na kukifanya kisiwa hicho kuwa soko kuu la karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi kutoka milima ya Kaukasi na suria wa Sultani, yaani mwanamke asiye huru aliyewekwa nyumbani na bwana wake kwa uhusiano uliotambuliwa na sheria, na ambaye watoto wake walihesabiwa kuwa huru na halali sawasawa na watoto wa mke wa ndoa. Jumba la Mtoni lilikuwa na watu wa asili nyingi, na ndani yake vilisikika Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi na lugha za Wahabeshi, hata ikawa mtoto aliyekulia humo alizoea tangu awali kuishi kati ya lugha kadhaa. Wasichana wa ukoo wa kifalme walifundishwa kusoma Kurani, ila kuandika hawakufundishwa, kwa kuwa kalamu ilidhaniwa kuwa hatari mikononi mwa mwanamke. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao zamani hizo ulitumika kama ubao wa kuandikia. Ujuzi huo ulioibwa ndio ambao baadaye, ugenini, ungemlisha.

Seyyid Said alifariki dunia mwaka 1856 akiwa baharini, njiani kurudi kutoka Oman, na mirathi ikagawanywa kwa kanuni za Kiislamu, ambazo humpa binti nusu ya fungu la mwana wa kiume. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 12 tu, alitangazwa kuwa mtu mzima akakabidhiwa shamba lenye nyumba pamoja na fedha zilizokadiriwa kuwa pauni 5,429, na mwaka 1859, mama yake alipokufa kwa kipindupindu, alirithi mashamba mengine matatu. Jambo hili lina uzito katika hoja inayofuata, kwa sababu linaonyesha kwamba msichana huyo wa Unguja, ambaye hakuruhusiwa kuonekana na wanaume wasio maharimu wake, alikuwa kisheria mwenye mali kamili, na mali ile isingehamia kwa mumewe hata kama angeolewa. Katika mwaka huohuo wa 1859 kaka yake Barghash alijaribu kumpindua kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa ametawazwa Zanzibar, na Salme akavutwa katika njama hiyo kwa kuwa alijua kuandika, hivyo akawa karani wa waasi akiwa na umri wa miaka 15. Jaribio lilizimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki amekosana na nusu ya ukoo wake. Alipopatana na Majid baadaye, akakosana na wale waliokuwa upande wa Barghash.

Hamburg nayo haikuwa mji mgeni kabisa kwa Unguja. Tangu mwisho wa miaka ya 1840 wafanyabiashara wa mji huo wa bandari walikuwa wakinunua kauri, zile simbi ndogo za pwani, na kuzisafirisha hadi Afrika Magharibi zilikotumika kama fedha, na mwaka 1859 miji ya Hanse, yaani miji huru ya biashara ya kaskazini mwa Ujerumani, ilitiliana saini na Sultani mkataba wa biashara. Rudolph Heinrich Ruete, aliyezaliwa mwaka 1839, alifika kisiwani katika mkondo huo, akafanya kazi na kampuni ya Hansing, na nyumba yake ilikuwa jirani na ya Salme katika Mji Mkongwe. Uhusiano wao ulipozaa mimba ambayo isingeweza kufichwa, Salme aliondoka usiku wa Agosti 1866 akiwa ndani ya manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, wakati wanawake wa mji walipokuwa wakishuka pwani kuoga kwa sherehe za Mwaka, yaani mwaka mpya wa Waswahili. Alijifungua mtoto wa kiume huko Aden, akabatizwa tarehe 30 Mei 1867 kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Ruete. Mtoto huyo alikufa wakiwa safarini kuelekea Ujerumani. Kwa sheria aliyoiacha nyuma, Mwislamu aliyetoka katika dini huitwa murtadi na hana haki ya kumrithi Mwislamu, kwa hiyo ubatizo ule, pamoja na kumpa mume, ulimfungia mlango wa mirathi ya ndugu zake.

Miaka mitatu ya ndoa aliiishi Uhlenhorst, mtaa wa matajiri kando ya ziwa Alster mjini Hamburg, na humo alizaa watoto watatu, Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Lugha aliyozungumza na mumewe ilikuwa Kiswahili, ambacho Ruete alikuwa amekizoea Unguja, na kwa hiyo nyumba ile ya Kijerumani ilikuwa, kwa masikio ya mwenye nyumba, kisehemu kidogo cha pwani. Tarehe 6 Agosti 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu ya kukokotwa na farasi, siku chache baada ya vita kati ya Prussia na Ufaransa kuanza. Mjane alikuwa hajatimiza miaka 26, mtoto wa mwisho hajamaliza miezi minne, na mtu pekee aliyekuwa akizungumza naye lugha ya kwao alikuwa amezikwa.

Hapo ndipo tofauti kati ya sheria mbili ilipomdhihirikia. Katika Hamburg ya wakati huo mjane hakutambuliwa kuwa msimamizi wa pekee wa watoto aliowazaa wala wa mali waliyoachiwa na baba yao. Mahakama iliweka wasimamizi wanaume ambao mama alipaswa kupata ridhaa yao katika mambo ya fedha na malezi. Itakuwa kosa kudai kwamba sheria ya Unguja ingempa uhuru kamili, kwa sababu huko nako mama aliachiwa malezi ya watoto wadogo, yaani hadhana, ilhali usimamizi wa mali yao ulikwenda kwa wasii, mtu aliyeteuliwa na marehemu au na kadhi. Hata hivyo Unguja angebaki na mashamba yake mwenyewe, angepata thumuni ya mirathi ambayo sheria humpa mke aliyeachwa na watoto, na angezungukwa na ukoo ambao, hata ukigombana naye, usingeweza kumkana hadharani. Yule ambaye akiwa na miaka 12 alikuwa mtu mzima mbele ya kadhi, alijikuta akiwa na miaka 26 amerudishwa utotoni mbele ya mahakama ya nchi iliyojihesabu kuwa imestaarabika zaidi. Ugunduzi huo ndio mzizi wa mengi aliyoyaandika baadaye kuhusu wanawake wa Mashariki, ambapo alipinga dhana ya Wazungu kwamba mwanamke wa Kiarabu hana haki yoyote, akaonyesha kwamba mali ya mke wa Kiislamu ni yake.

Eda haikumfunga tena, kwa kuwa alikuwa Mkristo, na hakuna mtu katika Hamburg ambaye angemkalisha. Uhuru huo ulikuwa na gharama yake, kwa maana mwanamke ambaye hahesabiwi siku za kuomboleza hapewi pia siku ya kuacha. Badala ya kukaa mahali pamoja, alihama: mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikwenda Dresden, kisha akaishi katika mji mdogo wa Rudolstadt, baadaye Berlin, akifuata maisha ya bei nafuu na shule za watoto. Fedha zilipokuwa hazitoshi alifundisha Kiarabu na Kiswahili, kazi ambayo ilimtaka abadilishe kitu alichozaliwa nacho kiwe bidhaa ya kuuzwa kwa saa. Inafaa kukumbuka kwamba Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, iliyokuja kuwa kitovu cha masomo ya Kiswahili Ulaya na ambako Waswahili kama Sleman bin Said na Amur bin Nasur waliletwa kufundisha, ilifunguliwa mwaka 1887 tu. Mjane huyu alikuwa amekwisha kufundisha lugha hiyo Ujerumani miaka kadhaa kabla ya dola kuona faida yake.

Safari yake ya kwanza ya kudai haki aliifanya mwaka 1875, Barghash, ambaye alikuwa Sultani tangu Majid alipokufa Oktoba 1870, alipoalikwa Uingereza. Salme alikwenda London kwa matumaini ya kupatanishwa na kaka yake na kulipwa mafungu ya mirathi ya ndugu waliokufa. Sir Bartle Frere, mwanadiplomasia aliyekuwa amesimamia mazungumzo ya kukomesha biashara ya watumwa Zanzibar, alimshawishi asionane na Barghash, akimpa ahadi kwamba serikali ya Uingereza ingesaidia elimu ya watoto wake, na ahadi hiyo haikutekelezwa baada ya Sultani kuondoka. Somo alilolipata huko lilikuwa kwamba kwa mataifa makubwa yeye hakuwa mjane wala dada, ila turufu, yaani karata ambayo hutolewa inapofaa na kufichwa inapozidi thamani ya mchezo.

Katika miaka hiyohiyo afya yake ilidhoofika, na kwa kuhofu kwamba angekufa kabla watoto hawajafikia umri wa kumwelewa, alianza kuandika habari za utoto wake ili wajue mama yao alitoka wapi. Kitabu hicho kilichapwa Berlin mwaka 1886 katika juzuu mbili kwa jina la Memoiren einer arabischen Prinzessin, maana yake kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu, na kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1888. Kinaeleza jumba la Mtoni, vyakula, mavazi, sikukuu, ulezi wa watoto, ndoa na maombolezo kwa undani ambao hakuna mwanamume msafiri wa Kizungu angeweza kuufikia, kwa sababu wanaume hao hawakuruhusiwa kuingia ndani. Maandishi yake ya pili, yanayoitwa Briefe nach der Heimat, yaani barua kwa nyumbani, yalikaa bila kuchapwa wakati wa uhai wake na yalitolewa kwanza kwa tafsiri ya Kiingereza na mtaalamu wa Kiholanzi E. van Donzel mwaka 1993. Vitabu hivyo viwili vinatazamana: cha kwanza kinawaeleza Wajerumani maisha ya Unguja, na cha pili kinamweleza rafiki wa Unguja asiyetajwa jina maisha ya Ujerumani, baridi yake, meza zake za vyakula vigeni, upweke wake na umaskini wake wa heshima. Mwandishi amesimama katikati, akiwa mkalimani wa pande mbili ambazo hakuna hata moja iliyomwita yake, na huko kusimama katikati ndiko hatimaye kulikuwa makao yake.

Waswahili husema msafiri maskini ajapokuwa sultani, wakimaanisha kwamba aliye safarini huwa fukara asiye na wa kumtegemea, hata akiwa wa ukoo wa kifalme, na methali hiyo ilimhusu Salme aliporudi Unguja Agosti 1885. Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, alikuwa ametuma kikosi cha manowari kumshurutisha Barghash ayakubali madai ya Wajerumani katika bara la Tanganyika, na Salme na watoto wake wakapelekwa katika meli ya Adler iliyofuatana na kikosi hicho, ili madai ya raia wa Kijerumani aliyedhulumiwa yawe kisingizio cha ziada. Sultani alikubali masharti kabla ya mizinga kulia, na tangu siku hiyo mirathi ya mjane haikuwa na kazi tena katika hesabu za Berlin. Barghash alikataa kumwona. Kwa upande mwingine, watu wa mji walimpokea kwa bashasha, wakamfuata vichochoroni na kumwamkia, naye akaona kwamba kiti alichokipoteza katika kasri hakikuwa kimepotea katika kumbukumbu za watu wa kawaida. Alirudi mara ya pili mwaka 1888, baada ya Barghash kufa na Khalifa bin Said kutawazwa, lakini Sultani mpya naye hakumpa kitu, na wakuu wa Ujerumani hawakutaka kumtetea.

Historia ya haki haiwezi kuyaacha mambo yanayomchafua. Mashamba aliyorithi yalilimwa na watumwa, mama yake mwenyewe aliletwa Unguja akiwa mtumwa, na bado katika kitabu chake aliutetea utumwa wa Mashariki kama utaratibu usio mkali, akawaelezea Waafrika kwa maneno ya dharau yaliyowapendeza wasomaji wa enzi ya ukoloni. Mwanamke aliyeitambua kwa uchungu sheria iliyomfanya mtoto mbele ya wanaume wa Hamburg, hakuweza kuitambua sheria iliyowafanya watu wengine mali yake. Kasoro hiyo ilizua mjadala hata katika karne ya 21: mwaka 2019 uwanja mmoja wa Hamburg ulipewa jina lake, na muda mfupi baadaye jina hilo likaondolewa kwa sababu ya kauli zake kuhusu utumwa. Kujitambua, kama maisha yake yanavyoonyesha, hakumwangazii mtu pande zote za nyumba aliyolelewa.

Baada ya kukata tamaa na serikali zote mbili, Salme hakurudi kuishi Ujerumani. Alikaa Jaffa, kisha Beirut, miji iliyokuwa chini ya dola ya Waturuki wa Uthmaniyya, na huko akaishi hadi mwaka 1914, yaani muda mrefu zaidi kuliko alioishi katika mji wowote wa Ujerumani. Uchaguzi huo unaeleza jambo ambalo mabishano ya mirathi huwa yanalifunika. Beirut haikuwa ya mumewe wala ya ndugu zake. Ilikuwa bandari yenye joto, yenye adhana na kengele za makanisa, ambapo Kiarabu chake kilieleweka mitaani na Ukristo wake haukumshangaza mtu. Kwa mara ya kwanza tangu utoto aliishi mahali ambapo mambo mawili yaliyomgawa yalikuwa ya kawaida katika soko moja. Mwanawe Rudolph, aliyekuwa afisa wa jeshi la Ujerumani kabla ya kuacha kazi hiyo, ndiye aliyeichukua kazi ya upatanisho, akaandika kwa Kiingereza historia ya babu yake Said bin Sultan iliyochapwa mwaka 1929, na maktaba ya familia ikahifadhiwa Leiden, Uholanzi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimrudisha Salme Ujerumani, na katika miaka yake ya mwisho, zaidi ya nusu karne baada ya kuondoka Unguja, Sultani Khalifa bin Harub alimpa posho ndogo ya mwaka, ambayo kwa thamani ilikuwa kidogo, lakini kwa maana ilikuwa kukiri kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa mtu wa ukoo ule. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79, na majivu yake yakazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, karibu na Ruete, pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja ambao inasimuliwa kwamba aliutunza tangu safari zake za kurudi. Siku 130 ambazo kizuka wa Unguja huzihesabu akiwa ndani ya nyumba ya watu wake, yeye alizihesabu kwa miaka 54 akiwa njiani, na hakuolewa tena.